Kitambaa cha maikrofaiba kimegoma? Soma dalili kabla hujakitupa

Watu wengi kitambaa cha maikrofaiba cha kufutia gari kikianza kuzingua wanasema tu "kimechoka", kinageuzwa dekio, kinanunuliwa kingine, na hicho kingine nacho kinafuliwa vile vile kwahiyo baada ya muda hadithi ni ile ile. Mimi msimamo wangu ni kwamba vitambaa vingi havifii kwenye gari, vinafia kwenye beseni. Vumbi na tope la gari maikrofaiba haioni shida, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Kinachoimaliza ni sabuni unayoiwekea, maji ya moto, ile dawa ya kulainisha nguo, na tabia ya kutupia kila kitu kwenye ndoo moja. Sasa kabla hujatupa angalia kwanza kinakufanyia nini hasa, maana dalili zinafanana ila vyanzo ni tofauti, na dawa ya tatizo hili inaweza ikaharibu kabisa kitambaa chenye tatizo lile.

Kitu cha kujua mapema ni kwamba hii sio pamba, ni plastiki. Ni poliesta na nailoni (kwenye lebo nailoni wanaiandika poliamaidi), mara nyingi 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Kila uzi umepasuliwa ukawa vijiuzi vyembamba kuliko unywele, na kwenye zile nafasi kati ya kijiuzi na kijiuzi ndo maji yanapoingia na vumbi linapojificha. Basi karibu kila tatizo utakaloliona linaangukia sehemu mbili, ama zile nafasi zimeziba, ama vijiuzi vyenyewe vimeharibika. Zikiziba zinazibuliwa. Vijiuzi vikiharibika hakuna fundi.

Anza na kijiko cha maji

Chukua kitambaa kikavu, kitandaze mezani, mwagia maji kijiko kimoja katikati na usikiguse. Kizima maji yanazama palepale na doa linaanza kutanuka lenyewe. Kilichoziba maji yanakaa juu, ukiinua upande mmoja yanaviringika yanadondoka chini na kitambaa kinabaki kikavu. Ukimaliza hapo pitisha kiganja polepole juu ya kingine kikavu cha aina hiyo hiyo. Maikrofaiba nzima inakwamakwama, inang'ang'ania vile vigozi vikavu pembeni ya kucha mpaka unasikia kero. Iliyopakwa mafuta au dawa ya kulainisha inateleza, unaona kama ina utelezi hivi ingawa imefuliwa. Iliyoungua inaparuza, vile vinyweleo vimeshikana vimekuwa vincha. Hayo majibu matatu yashike, ndo tutayatumia huko chini.

Angalizo tu, kitambaa kipya kabisa kutoka dukani kinaweza nacho kikafeli hiki kijiko kwa sababu ya dawa za kiwandani zilizobaki juu yake. Kifue kwanza ndo ukipime. Na mpya unafua kabla ya kugusa gari kwa vyovyote, kuna manyoya ya kiwandani na rangi iliyozidi humo.

Hakinywi maji, kinayasukuma tu huku na huku

Hii ndo namba moja. Unakausha gari baada ya kuosha, kitambaa kinapita, maji yanahama kutoka mlangoni yanaenda kwenye fenda, na matone yanabaki.

Kama kinateleza kwenye kiganja mtuhumiwa wa kwanza ni ile ya kulainishia nguo, zile za harufu nzuri kina Downy na ndugu zake. Kazi yake ni kupaka nguo tabaka laini lenye mafuta ili isikakamae, kwenye shati ni sawa, kwenye maikrofaiba hilo tabaka linakaa kwenye zile zile nafasi tulizosema. Na sio lazima uwe umeiweka wewe. Kama vinafuliwa kwenye mashine ya nyumbani na kile kidroo chake kina mabaki ya mzunguko uliopita vinapata, na kuna sabuni za unga na za maji ambazo zimeshachanganywa na laini (hiyo dawa ya kulainisha) humohumo, soma pakiti kwanza.

Mtuhumiwa wa pili ni waksi na polishi zenyewe. Kitambaa kimefutia waksi gari tatu, kikafuliwa na maji ya baridi na sabuni kidogo, waksi haijatoka, imesambaa tu. Waksi na mafuta yanataka vuguvugu.

Dawa kwa wote wawili ni moja: maji ya vuguvugu, yaani mkono unaingia na unakaa bila kushtuka, sabuni ya vyombo ya maji kidogo, loweka nusu saa, halafu minya uachie minya uachie, usisugue kama unafua jinzi. Utaona maji yanabadilika rangi yanakuwa na ukungu. Mwaga, rudia, suuza mpaka povu liishe kabisa. Rudia kijiko. Ile ya kulainisha ni mbishi, mara nyingi haitoki mkupuo wa kwanza kwahiyo usikate tamaa mapema, ila ukirudia rudia na bado maji yanaviringika basi kishushe cheo.

Hapa wapo watakaokwambia weka siki. Siki haitoi mafuta mkuu. Siki ina kazi yake nyingine, tunakuja huko.

Michirizi na ukungu kwenye kioo

Kabla hujakilaumu kitambaa chukua kingine unachokiamini, kisafi, futa nusu nyingine ya kioo hichohicho na dawa hiyohiyo. Ikiwa michirizi inatoka nusu zote mbili kitambaa hakina kosa, ama umepulizia dawa nyingi, ama kioo kimepigwa jua kimechemka dawa inakauka kabla hujafuta, ama kioo kwa ndani kina ule utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi.

Ikiwa ni kitambaa kweli, asilimia kubwa ya lawama naipeleka kwenye polishi ya dashibodi. Zile za kupulizia za kung'arisha nyingi zina silikoni, na silikoni ikishaingia kwenye kitambaa hata kikifuliwa vizuri kuna kidogo kinabaki, kwenye plastiki hukioni, kwenye kioo kinaonekana usiku taa za gari la mbele zikikupiga. Halafu tatizo jingine linajitokeza palepale, umefua cha dashibodi na cha kioo beseni moja, sasa vyote vina silikoni. Cha kioo kiwe cha kioo maisha yake yote na kifuliwe peke yake au na wenzake wa kioo. Na kiwe kile chenye vyumba vyumba kama sega la asali au kile chembamba kisicho na manyoya, lile la manyoya marefu ni la polishi sio la kioo.

Kikikauka kinakakamaa

Hapa ndo kiganja kinasaidia sana maana kuna ugumu wa aina nne na watu wanauchanganya.

Kama kimekakamaa lakini ukikifikicha kinalainika na kinatoa kama vumbi jeupe, hiyo ni sabuni ya unga haikuyeyuka, au hukusuuza ya kutosha. Sabuni ya unga kwenye maji ya baridi inaacha chembe, na chembe ukizipeleka kwenye rangi ya gari zinakuletea mengine. Loweka kwenye maji matupu ya vuguvugu, suuza mara kadhaa, na kuanzia hapo tumia sabuni ya maji. Hata zile za kutengeneza mtaani za sless na salfoniki (malighafi za sabuni ya maji) zinafanya kazi nzuri tu, muuzaji akuhakikishie hajaweka laini, na suuza sana maana wengine wanaweka rangi nyingi na pafyumu mpaka inakera.

Kama kimekakamaa mwili mzima na maji unayotumia ni ya kisima, hasa huku Dar mitaa ambayo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni ya kununua kwenye madumu, hiyo ni chumvi ya maji. Na ukifulia sabuni ya mche kwenye maji magumu ni mbaya zaidi kwa sababu madini ya kwenye maji yanashikana na sabuni yanatengeneza ule utando mzito unaouona kwenye ukingo wa beseni, sasa huo huo umeganda ndani ya kitambaa. Hapa ndo kazi ya siki. Siki nyeupe ya kawaida nusu kikombe kwenye maji lita 5 hivi, loweka nusu saa, suuza, na suuza ya mwisho ikiwezekana iwe ya maji yasiyo na chumvi au ya mvua, hata lita chache tu zinaleta tofauti. Siki usiiunganishe na jiki hata siku moja, sio kwenye beseni moja wala moja baada ya nyingine bila kusuuza, inatoa gesi ya klorini na hiyo inaua mapafu. Na jiki yenyewe haina kazi hapa, inakula nailoni.

Kama ugumu ni wa sehemu sehemu, kuna mabaka yamekuwa kama yamemwagiwa gundi, na kitambaa kilitumika kufutia seramiki (ile dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari kuilinda), pole. Ile dawa ikishakauka inakuwa kitu cha jamii ya kioo ndani ya nyuzi, hakuna sabuni inayoitoa. Vitambaa vya seramiki hata mafundi wa bei kubwa wanavihesabu kama vya kutupa, ndo maana wanatumia vidogo vya bei rahisi kwa kazi hiyo. Usikigeuze cha kukaushia, kitachora.

Na kama kinaparuza na vinyweleo vimelala vimeshikana, hiyo ni moto. Poliesta haiyeyuki mpaka ipite nyuzi joto 250, kwahiyo mtu anaona maji ya kuchemka ni salama. Ila kuanzia 70 hivi inaanza kulegea, nailoni inawahi zaidi, na ikilegea huku inakamuliwa na kusuguliwa inapoa katika umbo baya. Maji 40 yanatosha kwa karibu kila kitu, 60 ndo mwisho na ni kwa vile vyenye mafuta sana. Pasi hapana. Mashine ya kukaushia weka joto la chini kabisa. Kilichoungua hakirudi.

Kinaacha manyoya

Angalia manyoya yenyewe kwanza. Yakiwa ni meupe meupe na marefu na kitambaa chako ni cha bluu, si ya kwake, kimeyaokota kwa taulo la kuogea au kanga kilizofuliwa nazo. Maikrofaiba inashika manyoya ya pamba vizuri kuliko inavyoyaachia, ndo tabia yake. Kikung'ute kikiwa kikavu, kipige kwenye kitu, pitisha selotepu kwenye sehemu zilizozidi, halafu kifue peke yake. Yakiwa ya rangi yake mwenyewe na ni kipya, fua mara mbili tatu yataisha. Yakiwa ya rangi yake na kimetumika muda mrefu, kinanyonyoka, ama kimekutana na jiki ama kimezeeka kihalali. Hicho kipeleke kwenye rimu.

Kimeanza kuchora gari

Sasa hapa ndo pa kukaa, maana matatizo mengine yote ni kero ila hili linagusa rangi, na rangi ya gari ikichorwa kurudisha ni mashine na kompaundi na hela.

Dalili ni vile vimikwaruzo vyembamba vinavyoonekana jua likipiga boneti jeusi au ukimulika tochi ya simu, vinazunguka kama utando wa buibui. Kosa la kwanza ni kudhani ni kitambaa kilichofuta mwisho. Inaweza ikawa gari ilikuja navyo, au ilioshwa kwa dasta kavu juu ya vumbi mwezi mzima. Kwahiyo pima. Kama bado una CD za zamani ndani, chukua moja usiyoitaka, geuza upande unaong'aa, sugua na kitambaa kikavu mizunguko kadhaa kwa nguvu ya kawaida. CD inachorwa kirahisi kuliko rangi nyingi za gari, kwahiyo ikitoka salama kitambaa kiko poa, ikitoka na mistari unatafuta sababu.

Sababu ya kwanza ni lebo na upindo. Ile lebo ya nailoni iliyoshonwa pembeni ni ngumu, ikate hadi chini kabla ya kutumia. Upindo wa uzi mgumu nao ni hivyo hivyo, kwa rangi tafuta visivyo na upindo au vyenye upindo wa kitambaa laini.

Sababu ya pili ni kompaundi iliyokauka ndani. Kompaundi ni chembe za kusaga rangi, hiyo ndo kazi yake. Ukimaliza kazi jioni ukatupa kitambaa kwenye buti ukaja kukifua Jumapili, chembe zimeshaganda na gundi yake kwenye mizizi ya manyoya na minya-minya haizitoi. Vitambaa vya kompaundi vinaingia kwenye ndoo ya maji na sabuni kidogo palepale ukimaliza paneli, hata kama utavifua kesho. Kama zimeshaganda loweka usiku, halafu tumia brashi laini ya kucha ukifuata upande manyoya yanapolalia, chini ya maji yanayotiririka.

Sababu ya tatu ni mchanga, na huu una njia nyingi za kuingia. Kimeanguka chini, mtu akakiokota akakung'uta akaendelea. Kimefuliwa na cha rimu, na cha rimu kimejaa unga wa breki ambao una chembe za chuma. Kimeanikwa kwenye uzio kando ya barabara ya vumbi, daladala zinapita, kikiwa kibichi. Hii ya tatu inawakuta wanaofua vizuri kabisa, kila hatua sawa, halafu kamba iko mita mbili kutoka barabarani. Kitambaa kilichoanguka chini kikiwa kazini hakirudi kwenye rangi siku hiyo, hilo halina mjadala hata kama sakafu inaonekana safi. Kikifuliwa, kikauke, ukipapase chote kwa vidole pande zote mbili na ukiinue juani, ukikuta kijiti au mwiba utoe. Maikrofaiba inapenda sana kubeba vile vijiti vya majani makavu na kufua mara moja hakuvitoi. Kikifeli CD baada ya hapo kinashuka: kutoka rangi kwenda milango kwa ndani, kutoka hapo rimu, kutoka rimu injini, kutoka injini taka. Kinashuka cheo tu, hakipandi, cha rimu hata kikitoka cheupe pee hakigusi boneti.

Kinanuka

Kimekaa kibichi. Kwenye ndoo usiku mzima bila kukamuliwa, au kwenye mfuko wa nailoni ndani ya buti juani. Fua na sabuni ya maji kwenye maji ya vuguvugu, suuza, loweka kwenye yale yale maji ya siki, suuza tena, anika siku yenye upepo. Hayo mataulo mazito ya kukaushia, yale ya GSM (gramu kwa kila mita ya mraba) 500 kwenda juu, ukiyakunja nusu juu ya kamba yanachelewa katikati na harufu inaanzia hapo, yashike kwa vibanio kwenye kona yaning'inie yote.

Doa halitoki

Kitambaa kikipita kijiko na kikipita CD, doa ni sura tu, achana nalo. Watu wanaharibu vitambaa vizima kwa jiki wakitafuta weupe ambao gari haiuhitaji. Grisi na oili ya injini ndo inayowashinda wengi, na kuna mafundi wanaosafishia petroli au mafuta ya taa. Usifanye, na kilichokwisha kufanyiwa hivyo usikiingize kwenye mashine ya kufulia wala ya kukaushia, mvuke wa petroli unawaka kwa cheche ndogo sana. Cha oili kiwe cha oili, kikijaa kitupwe.

Kuhusu kufua kwenyewe

Mpangilio unaozuia karibu yote hayo ni huu, na wa beseni unafanya kazi sawa na wa mashine. Tenganisha kabla maji hayajagusa kitu: vya rangi na kioo kivyake, vya ndani na dashibodi kivyake, vya rimu na injini kivyake, na vyenye rangi kali, nyekundu hasa, mara za mwanzo vioshwe vyenyewe maana vinachuja. Vikung'ute. Beseni la kwanza maji matupu kutoa mchanga, acha vielee kidogo mchanga uzame, vitoe kwa juu bila kuvuruga chini. La pili sabuni. La tatu suuza, na badilisha maji mpaka yakae bila povu ukiyachapa kwa mkono. Kwenye mashine jaza theluthi mbili tu, mzunguko wa nguo laini, ongeza suuza moja, hakikisha hakuna nguo yenye zile zipu za kunata maana zinavuta nyuzi.

Anika kivulini kwenye upepo, jua kali la kila siku linachosha nailoni polepole. Anua vikikauka, usiviache mpaka vumbi la jioni. Kung'uta tena, pangilia kwa kazi, weka kwenye ndoo zenye mfuniko vikiwa vikavu kabisa, na andika juu ya mfuniko kwa maka pen ni vya nini, kwa sababu kijana wa kazi akija asubuhi hajui ipi ni ipi na atashika ya kwanza iliyo karibu.